Kofia ya Mdomo Mrefu

Chundwa, 3 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Fahima,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta umekula vizuri na baridi ya Nairobi imekuachia japo pua. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mkaza mjomba wako Bi Nana ni mzima, mbuzi wazima, na mimi ni mzima isipokuwa kwa jambo moja, ambalo ndilo limenifanya nijifiche nyuma ya nyumba niandike kama mtoro wa chuo.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu ni yetu sote wawili, na anayezungumza ndani yake husikika mpaka msikitini. Na jambo hili, Fahima, Bi Nana asilijue. Barua nampa Abubakr, nahodha wa boti ya Amu, naye ataitia kwenye basi. Ukijibu pitisha huko huko.

Jambo lenyewe ni kofia.

Usicheke. Unaikumbuka ile yangu ya kitambaa kizito, rangi ya mchanga, yenye mdomo mrefu mbele? Yule mzee mgeni aliyekuja kuvua kwa unyoya ndiye aliyenipa, mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne. Nimeivaa miaka tisa. Wiki iliyopita niliianika ukutani, nikaingia ndani kuswali alasiri, nikatoka nikamkuta punda wa Abdulghafur anaitafuna. Ilikuwa imejaa chumvi ya jasho langu, na punda yule anapenda chumvi. Alichonibakishia ni kifungo cha juu. Nikamwendea Abdulghafur kushtaki, akaniuliza kama punda amedhurika.

Kazi yangu unaijua. Nasimama omo, pale mbele kabisa ya mashua, kwenye maji ya magotini, nawaonyesha wageni samaki alipo, nao wanamtupia ndoana yao ya manyoya. Wenyewe wanaiita nzi. Bi Nana kila siku huuliza vipi watu wazima wenye akili zao wanapanda ndege kuja kutupa nzi baharini. Simjibu, kwa sababu nzi huyo ndiye aliyetuezekea nyumba.

Lakini tangu nitolewe mtoto wa jicho, jicho la kulia halistahimili mwangaza. Jua likipiga juu ya maji naona cheche tu. Ile kofia ndiyo iliyokuwa ikiniokoa. Mdomo wake vidole sita, na chini yake kitambaa cha kijani kilichokoza, kinachomeza ule mwangaza unaorudi kutoka majini. Ukipata yenye weupe kwa chini, usinunue, haifai kitu. Nimetoka mara mbili bila kofia. Mara ya kwanza nilimwonyesha mgeni jiwe, akalitupia kwa ustadi mkubwa. Mara ya pili nilimwonyesha mfuko wa plastiki.

Bwana Jabez, msimamizi wa kambi, ni mtu mwema, hakunigombeza. Alisema tu kwamba tarehe 30 Novemba, katika bamvua la mwisho wa mwezi, atatoka na Uthman, kijana anayetusukumia mashua, kisha atatoka na mimi, na atakayeona samaki wengi ndiye atakayesimama omo msimu mzima. Mwingine ataingia jikoni kumenya viazi. Fahima, nimesimama omo miaka kumi na sita. Viazi sivijui.

Na kwa nini Bi Nana asijue? Kwa sababu yeye ni mshoni wa kofia za vitobo, na kofia zake zimefika mpaka Jeddah. Idi moja nilivaa kofia niliyozawadiwa Amu, nikala wali mkavu siku tatu. Ile ya mzee aliivumilia kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa na miaka themanini na hajui kushika sindano. Nikionekana naagiza kofia nyingine, tena Nairobi, itakuwa kesi.

Nitafutie, mwanangu. Mungu akuweke.

Mjomba wako,
Husseini


Nairobi, 15 Septemba 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Waalaikum salaam warahmatullah. Pua ipo, namshukuru Mungu, na mimi nipo nyuma yake. Dukani kwetu dawa za kikohozi zinaisha kabla hatujazipanga. Nipe hali ya jicho. Unalitia yale matone niliyokutumia, au unayahifadhi kwa ajili ya wageni?

Jumapili mbili nimezimaliza Gikomba. Nimeona kofia Mjomba, nimeona! Za sufi, za majani, za askari, ya mpishi, na moja yenye masikio mawili ya sungura. Muuzaji mmoja, Ndirangu, mtu mwenye subira, aliniteremshia marobota matatu. Nikamwonyesha kwa vidole vyangu urefu wa mdomo tunaoutaka. Akaangalia vidole, akaniangalia mimi. "Dada, hiyo ni kofia ama ni baraza?" akaniuliza. Anasema hizo walivaa wazungu wa zamani, na wazungu wa zamani wameisha pamoja na kofia zao. Siku hizi watu wanataka kepu fupi ili nyuso zionekane kwenye picha.

Ametoa namba yangu kwa wenzake sokoni. Tangu hapo napigiwa simu na watu nisiowajua wanaoniambia wamepata mdomo.

Kwa sasa nakutumia kepu hii ya buluu, ndiyo iliyokaribia. Maandishi ya mbele usiyajali, ni jina la timu ya mpira ya nchi za mbali. Ijaribu, uniambie.

Mpwa wako,
Fahima


Chundwa, 24 Septemba 2024

Mwanangu Fahima,

Salamu nyingi, na dua zetu ziko nawe. Huku kheri. Matone nayatia, usinipige darasa.

Kepu imefika. Bi Nana nilimwambia nimeiokota pwani, akaipa mgongo. Nimetoka nayo jana. Mdomo ni vidole vinne, na chini mweupe kama sahani. Badala ya jua moja nikapata mawili. Uthman alikuwa kwenye upondo, anasukuma mashua. Alisema kwa upole, "Mjomba, kolekole hao, wamepita chini yako." Kijana yule ana adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza.

Sikufichi Fahima, naogopa. Si viazi. Naogopa ile siku nitakayoamka alfajiri, maji yanatoka, na hakuna mtu anayeningoja mashuani. Kama kofia haipo sokoni, je, haiwezi kushonwa? Mtu mwenye cherehani na moyo mzuri atakosekana mji mzima wa Nairobi?

Mjomba wako,
Husseini


Nairobi, 6 Oktoba 2024

Kwa Mjomba,

Assalamu alaikum, na baada ya kukuulizia hali nakupa habari njema. Naandika kwa kuficha maneno kidogo, maana barua hupita mikono mingi.

Kuhusu lile jambo letu la siri: aliyekuwa akitafutwa amepatikana! Anaitwa Hadil. Tunakaa naye nyumba moja, mlango kwa mlango. Ana mikono ya dhahabu na tabia nzuri. Nilipomweleza habari zako, miaka yako ya baharini na lile jicho, machozi yalimlengalenga. Alikubali hapo hapo. Amesema atakushonea kofia kwa mikono yake mwenyewe na hataki malipo yoyote. Anasema mtu kama wewe anastahiki kutunzwa.

Anachohitaji ni kipimo cha kichwa chako tu. Zungusha uzi juu ya masikio, ukate, unitumie. Ana hamu ya kuanza.

Nimemwambia Bi Nana hajui kitu. Amecheka, anasema ikifika Novemba yote yatakuwa yamekamilika, na Bi Nana akishaona kwa macho yake atazoea.

Fanya haraka Mjomba, Hadil anangoja.

Mpwa wako,
Fahima


Chundwa, 17 Oktoba 2024

Kipimo ndicho hiki. Ashone.

Husseini


Nairobi, 28 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Salamu kwako, ingawa wewe safari hii umenibania zako. Uko salama kweli? Barua yako ilikuwa fupi kuliko uzi uliokuwa ndani yake. Hukuniulizia hali, hukuniombea dua, na sahihi umeitia kama mtu aliyeitwa na chifu. Nikasema pengine umeandika Bi Nana akiwa mlangoni.

Hadil ameshona siku sita, na kofia ndiyo hii. Mimi nimeizungusha mikononi nikashindwa kuamini. Mdomo vidole sita kamili, umetiwa kadi ngumu ndani na kushonwa mistari tisa ili usilegee. Chini ameweka kijani cha sare za shule, kile cha giza kabisa. Kitambaa cha juu alikitoa kwenye suruali ya mumewe ya kazi. Ndirangu nimempelekea akaiona. Ameivaa dakika tano hataki kuivua, ingawa ilimkaa utosini tu.

Jambo moja lilimshangaza Hadil. Ameupima ule uzi mara tatu, akaniuliza kama mjomba wangu ni mtu mdogo. Nikamwambia ni mtu wa miraba minne. Akasema basi mwili umekwenda bila kichwa. Lakini kipimo ni chako, sisi tumefuata.

Nijibu haraka, moyo wangu hautulii.

Mpwa wako,
Fahima


Chundwa, 12 Novemba 2024

Fahima, Fahima, Fahima,

Waalaikum salaam. Mimi mzima wa mwili. Mengine yote nieleze nianzie wapi?

Uzi sikutuma mimi.

Barua yako ya tarehe sita Oktoba sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Abubakr alipoileta nilikuwa Siyu mazikoni, akampa Bi Nana. Anasema bahasha ilikuwa imerowa, akaifungua aianike. Akaianika, akaisoma, akaisoma tena. Niliporudi nilikuta chakula kimefunikwa na mke ana heshima iliyopita kiasi. Siku mbili aliniita "bwana mkubwa". Ya tatu akasema anakwenda Siyu kumtazama kaka yake Dawud, mgongo unamuuma. Nikasema nenda kwa amani. Wiki ikapita, ya pili ikapita, mgongo wa Dawud hauponi. Nami nikawa nakula mikate ya duka na kungoja barua yako.

Ijumaa iliyopita kofia ikafika na barua yako ya tarehe ishirini na nane. Nasoma "fupi kuliko uzi uliokuwa ndani yake", nasema uzi gani? Kofia nikaiweka kichwani, ikakaa juu kama kikombe cha kahawa. Nikautoa ule uzi ulioufunga juu ya bahasha, nikautazama vizuri. Ni uzi wa krimu, wa vitobo. Katika nyumba yetu mwenye uzi huo ni mmoja tu.

Nikashika ndia ya Siyu kwa miguu. Dawud alinipokea kwa uso wa mtu anayepokea deni la marehemu, na mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. "Twasikia Nairobi wakushonea kofia," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini kizingitini. Fahima, wewe umekulia mjini, na kosa si lako. Kwetu, kichwa cha mwanamume hupimwa na mama yake, kisha hupimwa na mchumba wake, basi. Mwanamke mwingine akikuomba kipimo cha kichwa, anakuandalia kofia ya harusi! Nawe umeandika Hadil ana mikono ya dhahabu, analengwalengwa na machozi, ana hamu ya kuanza, na Bi Nana atazoea. Mwanangu, hata mimi niliposomewa ile barua pale nilijiona nimeoa.

Nimemwapia Bi Nana. Yuko nyuma ya pazia, ananijibu kupitia kwa Dawud. "Muulize, kofia ya kuvulia yahitaji mikono ya dhahabu?" Dawud ananiuliza. "Muulize, huyo atakayezoea ni nani?" Dawud ananiuliza. Alama nilizopata ni sifuri. Kumbe mji mzima unajua. Imamu wetu ameshanipa mawaidha kuhusu uadilifu baina ya wake.

Zimebaki siku kumi na nane kabla ya Bwana Jabez kututoa. Nisiposimama omo ni msiba wa kazi. Lakini nimekaa miaka thelathini na moja na mwanamke yule, na nyumba bila sauti yake sijui niiingie mlango upi. Muandikie yeye mwenyewe, Siyu, kwa kaka yake. Sema kweli yote.

Mjomba wako asiye na mke wa pili wala, kwa sasa, wa kwanza,
Husseini


Nairobi, 17 Novemba 2024

Kwa mkaza mjomba wangu, Bi Nana,

Shikamoo Bi Nana. Nakuomba unisamehe kabla hujasoma, kisha usome, kisha unisamehe tena.

Hadil ana miaka ishirini na tisa, ana mume anayeitwa Mahmud, fundi wa mabomba, ana watoto wawili, na wa tatu yuko njiani, mwezi wa nane huu. Kuzaa kunaweza kufika kabla ya barua hii. Mjomba hajamwona wala kusikia sauti yake. Hadil analomtakia ni aone samaki, basi.

Kosa ni la kalamu yangu. Nilitaka kuandika kwa siri, nikaandika kama kuwadi. Hadil alipoambiwa alichoeleweka huko kwenu alicheka mpaka Mahmud akaja mbio akidhani uchungu umeanza. Amesema nikwambie haya: ile kofia ya vitobo uliyoshona Idi nimpelekee baba, yeye aliigeuza ndani nje akatafuta fundo la uzi, hakuliona hata moja. Anasema hata angekuwa mtu wa kuiba waume, asingethubutu kumwibia mshoni kama wewe.

Na lililonifanya nihangaike mwanzo ni hili, ambalo Mjomba hatakwambia kwa sababu ya kile kiburi chake. Mwangaza unamuumiza. Anatoka kila siku na cheche machoni, na anarudi nyumbani akisema kazi njema. Aliogopa kukuomba wewe kofia ya kuvulia, na aliogopa zaidi kukwambia kwa nini anaihitaji.

Mpwa wako mkosaji,
Fahima


Chundwa, 2 Desemba 2024

Mpwa wangu mwenye kalamu hatari,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, mara tatu, kwa ile moja uliyokosa Oktoba. Hujambo? Sisi hatujambo, na sikiliza nikuhadithie.

Bi Nana amerudi. Alikuja kwa miguu kutoka Siyu, siku ya Jumanne asubuhi, barua yako kifuani na bakuli la bokoboko kichwani. Hakusalimu. "Ivae," akasema. Nikaivaa ile kofia. Akaniangalia imesimama juu utosini, akaanza kucheka polepole, akashika ukuta, akakaa chini kabisa. Ndipo akaungama. Ule uzi aliuzungusha kwenye kichwa chake mwenyewe, ili huyo bibi harusi wa Nairobi ashone siku sita halafu kofia inikatae mbele ya watu.

Kisha akainuka. Akanivua kofia, akaniinua kidevu, akalitazama lile jicho kama anavyotazama kitambaa. "Tangu lini?" akaniuliza. Nikamwambia. Alilia, nami nililia, na bokoboko likapoa.

Usiku na mchana siku tatu alijaribu kuipanua ile kofia. Huyo Hadil ameshona kwa nguvu mno, kila mshono ukifumuliwa mdomo unataka kung'oka. Ijumaa jioni akaiweka chini. Alfajiri ya Jumamosi nikajifunga kikoi niende vivyo hivyo, na kepu yangu ya timu ya nchi za mbali. Nikamkuta mlangoni, buibui mwilini, mtandio kichwani, na juu ya mtandio, kofia ya mdomo mrefu imemkaa barabara.

"Leo takuya nawe," akasema.

"Uende kufanya nini?"

"Nikaone hao nzi."

Pwani watu walisimama. Bwana Jabez alitaka kusema kitu, akamwangalia Bi Nana chini ya ule mdomo, akampa mkono apande.

Uthman alianza. Mimi nikamsukumia upondo kwa saa nzima, na kijana aliona samaki tisa, haki yake nampa. Kisha tukabadilishana. Nikasimama omo, Bwana Jabez nyuma yangu na fimbo yake ya kuvulia, Bi Nana amekaa ubaoni katikati ameshika mkoba wake. Jua lilikuwa limeshapanda. Fahima, maji yalikuwa moto mtupu. Katika nusu saa nilionyesha samaki wawili, na mmoja alikuwa kamba ya mtego. Jasho likanitiririka, nikasema moyoni, basi Husseini, ndiyo imekwisha.

"Pale," akasema Bi Nana.

"Pale wapi?"

"Pale, bwana. Huoni? Maji yote yenda huku, pale pamekwenda upande."

Sikuona kitu. Bwana Jabez pia hakuona kitu. Bi Nana akanyoosha kidole, sawasawa, bila kukitikisa. Bwana Jabez akatupa pale pale kwenye ncha ya kile kidole, na kolekole akapanda juu akaichukua ndoana, mkubwa, kamba ikalia kwa kasi! Wakati yeye anapigana naye, Bi Nana ameshageuka. "Na kule wawili. Na yule pale mweupe chini, amelala. Hebu nipisheni." Akasimama, akanishika bega, akapita, akakanyaga omo.

Nilimuuliza baadaye anaonaje. Alinishangaa. Anasema amekaa miaka arubaini na kitambaa cheupe, katika jua la ua, vitobo elfu na zaidi kwa kofia moja, na kazi yake yote ni kuona kile kimoja kilichopotoka. Bahari anasema ni rahisi zaidi, kwa sababu kilichopotoka kinatembea.

Alihesabu kumi na wanne kabla maji hayajageuka. Uthman kwenye upondo alikuwa ameshaacha kusukuma, anacheka tu na kusema mashallah, mashallah.

Tulipofika pwani Bwana Jabez akasema maneno machache. "Msimu huu nitatoa mashua mbili. Uthman atasimama omo ya moja. Ya pili ni ya Mama, akikubali. Mzee, wewe utamshikia upondo?"

Fahima, sitakudanganya. Nilichomwa. Miaka kumi na sita mahali pale palikuwa pangu, na mbele ya pwani nzima nikaambiwa nirudi nyuma. Nikamwangalia Bi Nana. Alikuwa ananitazama mimi, si Bwana Jabez, na niliona kwamba nikisema hapana atavua ile kofia, atakwenda nyumbani, na hataisema tena maisha yake yote. Nami sikutaka aivue. Nikasema nitashika.

Bwana Jabez sasa anatafuta mtu wa viazi.

Mjomba wako,
Husseini


Chundwa, 14 Desemba 2024

Kwa Fahima, mwana wa wifi yangu,

Waalaikum salaam. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nasikia Hadil amejifungua salama na mtoto ni wa kike. Mwambie nimemshonea mtoto kofia ya siku arubaini, Abubakr anaileta, na asitafute fundo.

Mjomba wako alitaka kukuandikia yeye, nimemnyang'anya kalamu. Yeye ataniandika mimi shujaa na kusahau mengine. Mimi naogopa maji, Fahima. Nilizaliwa kisiwani na siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama ndani ya mashua. Kila tukitoka magoti yananicheza chini ya buibui, nami nanyoosha kidole ili watu waangalie kidole. Hilo usimwambie mtu.

Lakini nataka nikwambie jambo jingine, na baada ya kulisema sitalirudia. Miaka thelathini na moja nimemshonea mume wangu kofia. Za Idi, za Maulidi, za harusi za watu. Kichwa chake nakijua kuliko kiganja changu. Kila asubuhi nilimwona akishuka pwani na kila mchana nilimwona akipanda, na katikati yake sikuwahi kujua ni nini. Nilidhani ni mchezo wa wageni. Sasa nimesimama pale alipokuwa akisimama, na lile jua nimelipata usoni, na nimejua amekuwa akitutolea nini kila siku akirudi na kusema kazi njema. Nilikasirika kwa ajili ya uzi, na mtu mwenyewe alikuwa akipofuka mbele yangu.

Tunakwenda Amu Jumatano, jicho likatazamwe tena. Nimesema mimi, naye hakubisha.

Kwenye mashua hatuzungumzi sana. Mimi nikiona nasema, naye anasukuma. Juzi mgeni mmoja aliuliza tumefanya kazi pamoja muda gani. Mjomba wako akajibu wiki mbili, kwa sauti kavu, na mgeni akasema hamjambo, kwa wiki mbili mnaelewana sana.

Maji yameanza kutoka. Huyo yuko pwani anaita jina langu, mji wote unamsikia, mwanamume mzima na upondo mkononi. Nimeshavaa, niko tayari tangu alfajiri. Wacha aite kidogo.

Mkaza mjomba wako,
Nana